Kibuyu Kinafunguliwa Mara Tatu

Asubuhi ya kuanua matanga ya mama, mama mdogo Skolastika alinifuata jikoni, akaufunga mlango kwa kisigino, akachukua kisu na kuanza kumenya viazi ambavyo nilikuwa nimeshavimenya. Hapo nikajua nimebanwa.

"Desderia," akasema bila kunitazama, "leo utajibu nini?"

"Nitajibu hapana, mama mdogo."

"Usiwe na haraka."

"Nina miaka thelathini na tisa. Haraka iko wapi?"

Akakiweka kisu chini. Mama mdogo ni mtu wa kupenda amani. Angeweza kupatanisha paka na panya mradi chakula kisichelewe.

"Sikiliza, mwanangu. Sema unaogopa. Sema umeona maisha ya yule mtoto Yusta, na hutaki wako awe vile. Watu watalia na wewe. Mjomba wako atanuna, kisha yatapita. Mtu akikataa kwa woga, anasamehewa."

"Siogopi. Sitaki mtoto, basi."

"Hilo ndilo usiseme," akanong'ona, akatupia jicho juu ya kabati.

Juu ya kabati kulikuwa na kibuyu cha mama, kimefungwa kwenye kanga yake ya bluu. Tulikuwa tunanong'ona kwa ajili yake, ingawa kilikuwa kimefunikwa, na kibuyu kilichofunikwa hakisikii chochote. Hata mimi nilinong'ona. Huyo alikuwa mama yangu bado, au kitu kilichojua kila alichokijua mama yangu, na wakati ule sikuwa na nguvu za kutofautisha.

Nilizaliwa baada ya Mwaka Mweupe, ule ambao dhoruba ya jua ilifuta kila kilichokuwa kimehifadhiwa kwa umeme. Ramani zilipotea, hati za mashamba zikapotea, hata vipimo vya dawa vikapotea. Huku Kilolo watu walibaki hai kwa sababu ya vikongwe. Wao ndio waliokumbuka chemchemi ipi haikauki na mzizi upi huchemshwa mara mbili ndipo uliwe. Vikongwe walipoanza kufa, wataalamu waliokuwa wamekimbilia milimani wakatengeneza vibuyu. Mzee anachukuliwa chembe hai kutoka ndani kabisa ya pua, zinakuzwa kwenye maji meupe tunayoyaita maziwa, na kwa miezi kadhaa anakaa karibu nazo akisimulia maisha yake mpaka zimshike. Mzee akifa, unafunua kibuyu na sauti yake inazungumza nawe. Ukifunika, inalala. Ukifunua tena, yote mliyozungumza baada ya kifo chake yamefutika, inaanza upya.

Lakini maziwa huchacha. Baada ya mwaka hivi yanakuwa manjano, sauti inaanza kupoteza maneno, kisha kimya. Dawa yake ni moja tu: matone machache kwenye pua ya mtoto mchanga wa ukoo wa mama, kabla hajatimiza siku arobaini. Chembe zinaota ndani yake, naye anakua akiwa na yule mzee kichwani. Mtoto mmoja hubeba mzee mmoja.

Mama mdogo alizaa wavulana watupu, na watoto wa wavulana ni wa koo za mama zao. Mama alinizaa mimi peke yangu. Kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wangu.

Tena hawakutaka hata nibebe mimba. Kila msichana akifika miaka ishirini huchukuliwa mayai yake ya uzazi yakahifadhiwa zahanati, kama vile anavyochanjwa, na hospitali ya wilaya ina mji wa mimba wa kioo ambamo mtoto hukua miezi yake yote tisa. Ukoo ungemlea. Mimi ningeendelea na kazi yangu ya kukagua nyavu za ukungu, zile zinazonasa maji hewani na kutunywesha sote. Kazi, afya, kukosa mume, kila sababu ambayo wanawake wa zamani walijitetea nayo walikuwa wameniondolea, kwa adabu kabisa, mpaka ikabaki moja: sitaki.

Nimejichunguza sana. Huko mlimani asubuhi, peke yangu na nyavu zinazodondosha maji, nimejiuliza mara nyingi kama kuna mtoto ninayemsubiri. Hayupo. Wa watu nawapenda saa mbili, tatu, kisha nawarudisha kwao nikiwa na furaha. Sijaumizwa na mtu na sijakosa kupendwa.

"Ukikataa," mama mdogo akasema, "unajua utakachofanya."

"Najua."

"Kwa mkono wako."

"Najua, mama mdogo. Niachie kisu changu."

*

Watu walishajaa uani wakati mtani alipofika. Tulimsikia kabla hatujamwona.

"Nyie Wahehe! Amekufa mmoja tu? Mimi nimevaa viatu vya kuzikia kumi!"

Huyo alikuwa Gaudensia Luambano, Mngoni, rafiki wa mama wa miaka mingi na mtani wake wa kutukanana kila siku ya soko. Wangoni na Wahehe walipigana zamani za mababu mpaka wakachoka, wakabaki na utani, na utani haukufutwa na Mwaka Mweupe kwa sababu haukuwahi kuandikwa popote. Msibani mtani hana adabu na hatakiwi kuwa nayo. Anaweza kulala mlangoni, anaweza kuiga marehemu, anaweza kuchukua kitu akaenda nacho, na hakuna wa kumdai.

Gaudensia alikuwa amevaa sweta la mama, lile la kahawia lenye kiwiko kilichotoboka. Sijui alilitoa wapi. Akapita katikati ya wazee ameinama, mkono kiunoni, akikokota mguu wa kulia, na ghafla akawa mama mwenyewe. Akasimama mbele yangu.

"Desderia we! Umekula?"

Uwanja mzima ukacheka. Mama alikuwa akiniuliza hivyo hata ninapotoka mezani na mdomo haujakauka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka.

"Tasilo," Gaudensia akamgeukia mjomba wangu, "sura hiyo umeivaa kwa ajili ya msiba, au ndiyo ya siku zote?"

Mjomba Tasilo hakucheka. Yeye ndiye kaka mkubwa wa mama, mwenyekiti wa ukoo, mtu aliyechimba kisima kwa mikono yake akiwa kijana na hajaacha kutukumbusha. Sitaki kumsingizia ubaya. Alimpenda dada yake. Alinyoosha mkono kuelekea kigoda cha mbele na watu wakanyamaza.

Pale kigodani alikaa Yusta, mjukuu wake. Yusta ana miaka saba na amembeba bibi yake mzaa bibi, mama mkwe wa mjomba, mkongwe kuliko wote pale. Miguu yake haikufika chini. Mjomba, mzee wa miaka sabini, akamwinamia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akajibu mtoto, kwa sauti nzito iliyochoka. "Leteni kibuyu."

*

Utaratibu wenyewe hauna siri. Kibuyu hufunguliwa mara tatu. Mara ya kwanza ni ya kusikiliza. Mara ya pili jamaa husema yao. Mara ya tatu muulizwaji hujibu. Akinyamaza hadi kibuyu kifunikwe, amekubali, na karani wa zahanati anatumwa siku hiyohiyo. Akikataa, anakipeleka kaburini na kumwaga maziwa mwenyewe.

Yusta alifunua kifuniko kwa vidole vidogo. Kibuyu kikakohoa, kikohozi kilekile cha mama cha asubuhi, nami nikashika ukingo wa benchi.

"Desderia, mwanangu. Utanipa mtu wa kunibeba?"

Kila mzee hufundishwa kuanza na swali hilo. Nililijua, nimelisikia katika misiba ya wengine tangu utotoni. Haikunisaidia chochote. Yusta akafunika.

Akafunua mara ya pili. Mama akakohoa, akauliza vilevile, kwa upole uleule, kana kwamba hajawahi kuniuliza. Kisha jamaa wakaanza.

Binamu mmoja alisema mimi ni mchoyo. Amani ya nyumba yangu nimeipenda kuliko uhai wa aliyenizaa, akasema. Jirani akauliza nani atanizika. Mke wa binamu, mwenye watoto sita na macho mekundu ya kutolala, alisema angenielewa kama ningekuwa mgonjwa. Mama mdogo alisimama na kunifungulia ule mlango wa kutokea alioniandalia jikoni.

"Mtoto huyu anaogopa," akasema. "Si mbaya. Anaogopa tu. Sivyo, Desderia?"

Ilikuwa zamu ya jamaa, mimi sikuruhusiwa kujibu. Nilitikisa kichwa kukataa. Mama mdogo akakaa chini taratibu, nami nikamwonea huruma kuliko wote.

Mjomba alisema machache. "Dada yangu Fortunata alikaa miezi minne mbele ya kibuyu na kifua kinamuuma. Hakukaa pale kwa ajili yake. Anajua mipaka ya mashamba yote kutoka mtoni hadi msituni. Anajua mbegu. Mwaka Mweupe ukirudi, tutamuuliza nani? Ukungu wako?"

Hilo liliniingia, sikatai. Usiku mwingi nimelifikiria na sina jibu lake zuri.

Mwisho alisema Yusta. "Mimi nilizaa kumi na mmoja," ikasema ile sauti nzito, "nikazika sita. Hakuna aliyeniuliza kama nataka." Watu wakaguna kuunga mkono. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona jinsi mtoto alivyokunja uso baada ya kusema, kama aliyemeza kitu asichokitafuna. Sikuweza kujua yule bibi alikuwa ananilaumu au ananionea wivu.

Akafunika. Akapumua. Akafunua mara ya tatu.

"Desderia, mwanangu. Utanipa mtu wa kunibeba?"

"Jibu," akasema mjomba.

Nilitambua kuwa nikiendelea kukaa hivyo tu, bila kufanya lolote, yote yatamalizika na kila mtu pale atanipenda. Nikainuka, nikakitoa kibuyu mikononi mwa Yusta, nikakipakata. Hilo halifanywi. Watu wakanung'unika.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Unahema kama uliyetoka mlimani."

"Mama, mbona ulipokuwa hai hukuwahi kuniuliza?"

Siku zote mama alikuwa ngao yangu. Watu walipouliza, aliwajibu yeye: mwacheni mwanangu, ana kazi yake. Nilitegemea sasa aseme kwamba swali hili si lake, ni la kufundishwa tu. Nilitaka anikomboe mbele yao. Nakiri kwamba nililitaka hilo kwa moyo wote.

"Nilikuwa naogopa jibu," mama akasema.

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote. Nikiwajibu watu nje, nikirudi ndani najiuliza, na mimi je?"

"Kwa hiyo ulitaka."

"Nilitaka sana, mwanangu."

Mkono wa mjomba ulikuwa umeshanyooshwa kuchukua kifuniko.

"Hapana, mama," nikasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye ua wa mianzi waliisikia. "Sitaki mtoto. Siogopi, siumwi, hakuna aliyenikosea. Sitaki tu. Na nakupenda."

Kimya. Kisha: "Nimesikia."

Na baadaye kidogo: "Una baridi? Mikono inakutetemeka, maziwa yanacheza."

Yusta alinyoosha mkono akafunika, naye alikuwa analia, na ilikuwa sauti ya mtoto kabisa.

*

Kaburi liko upande wa chini wa shamba la viazi, karibu na mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi. Nilitangulia, watu nyuma yangu, wengine wakiwa bado wanasema yao. Hakuna aliyenigusa. Mama mdogo alibaki jikoni. Alisema hawezi kuona dada yake akifa mara mbili mwaka mmoja.

Vibuyu vina kizibo chini, kwa ajili ya kazi hii. Unamwaga bila kumwamsha aliyemo. Nilipiga magoti, nikashika kizibo. Kilikuwa kimekaza. Nikakizungusha kidogo, tone moja jeupe likatoka na kudondoka kwenye udongo. Mipaka ya mashamba. Mbegu. Wimbo wake wa kupukuchua mahindi. Nikawaza, inatosha niseme neno moja tu. Bado naweza kusema. Karani wa zahanati yuko palepale, ameshika mfuko wake.

Nikazungusha tena.

"Nani ananimwagia maziwa kichwani!"

Gaudensia alikuwa amejitupa juu ya kaburi chali, sweta la mama limepanda hadi kifuani, miguu juu. "Mimi Fortunata sijapata hata usingizi! Wahehe nyie, mtu akifa mnamwogesha mara ngapi?"

Mtu akacheka bila kutaka, kisha wa pili. Kabla sijaelewa, kibuyu hakikuwa mikononi mwangu. Gaudensia alikuwa ameinuka nacho, kizibo amekikaza kwa kidole gumba, udongo umemjaa nyweleni.

"Nimechukua," akasema. "Mtani kachukua."

"Gaudensia," mjomba akasema, "hili si la utani."

"Tangu lini? Kwenye msiba wa mume wangu wewe ulichukua mbuzi, tena mwenye mimba. Nilikudai?"

Nilimwona mjomba akitafuta njia. Angeweza kumnyang'anya, yeye bado ana nguvu na Gaudensia ni kikongwe. Lakini kumdai mtani alichochukua msibani hakuna aliyewahi kuthubutu, na Tasilo ni mtu wa utaratibu kuliko wote. Utaratibu aliotaka kunibana nao ulikuwa umemkaba yeye. Akamgeukia Yusta, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Bibi, unasemaje?"

Yusta alikuwa amesimama kando ya mianzi, kamasi zinamtoka. "Mtani kachukua," ikasema ile sauti nzito. "Hakuna kudai." Kisha akafuta pua kwa mkono na kuuliza kwa sauti nyingine, nyembamba: "Naweza kwenda kucheza?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyejua kama inafaa kumruhusu mtu anayemwamkia.

"Nenda," nikamwambia.

Akaondoka mbio kuteremka kwenye matuta. Mjomba alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Yatachacha tu," akasema. "Na wewe kwangu usikanyage."

"Nimesikia, mjomba."

*

Gaudensia anakaa ng'ambo ya bonde. Asubuhi nilishuka kutoka kwenye nyavu na maji yakiwa bado kwenye nywele, nikamkuta amewasha moto, chai iko mezani, na kibuyu kiko katikati ya vikombe kama mgeni wa tatu. Sweta lilikuwa limefuliwa na kuanikwa.

"Sijamgusa," akasema. "Nimekusubiri."

Nikakaa. Nikaweka mkono juu ya kifuniko, nikauondoa.

"Kila nikifungua ataanza na lile," nikasema.

"Ataanza nalo, ndiyo."

"Hatakumbuka kwamba nimeshamjibu."

"Hatakumbuka." Gaudensia hakuwa na utani hata chembe. "Ukitaka, kaa ukijua yumo tu, usifungue. Mimi sitakucheka."

Nilifikiria hilo mpaka chai ikapoa. Ningeweza kuwa na mama aliyenyamaza mpaka maziwa yageuke manjano, na nisimuumize tena. Ila mama huyo ningekuwa nimemzika mwenyewe, mzima mzima.

Nikafunua. Kikohozi.

"Desderia, mwanangu. Utanipa mtu wa kunibeba?"

"Hapana, mama."

Kimya kikaja, kirefu kama cha jana. Nilikuwa nimejidanganya kwamba mara ya pili kingekuwa kifupi.

"Nimesikia," akasema. Halafu: "Umekula?"

Gaudensia akanisogezea sahani ya magimbi. Nikala, mama akanisikiliza nikila, kisha akaniuliza ukungu wa leo ulikuwaje, nami nikamweleza kuhusu wavu wa juu uliochanika, naye akanifundisha fundo la bibi yake ambalo sikuwahi kulijua. Tulicheka, watatu. Mchana nilifunga lile fundo na halikuteleza. Jioni nikafunika.

Asubuhi iliyofuata nilikaa palepale, mkono juu ya kifuniko. Nilijua atakachoniuliza, nilijua nitakachomjibu, na nilijua kile kimya kitakavyokuwa kirefu. Nikafungua.